Kusindikizwa kwa Kitambaa cha Vyombo

Faida wangu,

Jumapili, tulipokuwa tunatoka misa kule Laeken, ulinishika mkono ukaninong'oneza habari ya kuagwa stesheni, ili Maman Régine wa kwaya asisikie: "Maman, s'il te plaît, muntu asikuje gare. Hata weye." Nikakujibu, "Tutaona." Na wewe unaijua "tutaona" ya mama yako. Tangu ulipokuwa mdogo ni hapana iliyovaa nguo nzuri. Ndiyo maana wiki nzima umekuwa unanitazama kwa jicho la pembeni, na mimi najifanya nimezama kwenye pasi.

Bon, jibu lako limo humu ndani. Ila usiruke kurasa kwenda kulitafuta, maana nakujua, wewe ni wa kusoma kitabu kuanzia nyuma halafu unajifanya umeshangaa. Safari hii nifuate polepole. Umekwenda kuagana na rafiki yako Clémence, baba yako bado yuko barabarani na kamioneti yake, jua liko juu ya mapaa ya Saint-Josse, mtaa wetu huu wa Brussels, na sanduku lako limesimama mlangoni kama mgeni anayeona haya kukaa. Nitaiweka barua hii juu ya mto wako kabla hujarudi.

Mambo ya soksi na dawa ya kikohozi sikuandikii. Yamo kwenye sanduku, utayakuta. Nataka tu kuongea na wewe kuhusu Ufaransa, huko unakokwenda. Najua unacheka. Mama anayefanya usafi kwenye nyumba za watu kule Uccle anataka kumweleza Ufaransa mtoto anayekwenda Lyon kusomea vitabu vya Wafaransa! Cheka tu. Lakini nimefika huko kabla yako, mara mbili tatu, na kila mara nilikosea kitu, na anayekosea huona mengi kuliko anayepita vizuri.

Unajua nilikuzaa nikiwa mdogo kuliko ulivyo wewe leo. Kwenye tram watu hudhani wewe ni mdogo wangu. Wewe unanuna, mimi nafurahi mpaka tunashuka. Shule yangu iliishia mwaka wa pili wa sekondari kule Bukavu. Iliyobaki niliisomea hapa jikoni, kwako. Unakumbuka récitation? Kila wiki mwalimu alikupa shairi la kukariri, na wewe ulizunguka meza ya pasi ukiliimba kama dua, mwanzo mpaka mwisho, tena mwanzo mpaka mwisho, mimi nanyoosha mashati ya baba yako. Wewe ukishapata alama zako ulikuwa unalisahau, unabeba jingine. Mimi yalibaki kichwani yote. Mengine sikuelewa hata nusu. Lile la paka aliyelala dirishani akiota kwamba yeye ndiye mwenye nyumba, nililisema miezi mingi nikipiga deki, bila kujua kwamba linachekesha. Siku nilipoelewa nilikuwa peke yangu nyumbani kwa watu, nikakaa kwenye ngazi na ndoo yangu nikacheka mpaka machozi. Mwenye nyumba alikuwa na paka. Alikuwa amelala dirishani.

Basi hapo ndipo Ufaransa iliponiingia, kabla sijakanyaga ardhi yake.

Halafu ikaja ile safari ya basi ya kina maman wa parokia kwenda Paris. Ulikuwa na miaka tisa. Enzi zile simu za Bukavu tulikuwa bado tunazipiga kwa kadi za kukwangua. Mpango ulikuwa twende kuona kasri la Versailles, lakini basi halijatoka hata Brussels nikagundua kwamba nusu ya kina maman wana mpango wao. Walikuwa wamebeba mifuko mitupu. Walitaka kushushwa Château Rouge, kule kwenye soko la Waafrika, wanunue sombe, kisamvu chetu, na samaki wa chumvi na ndizi. Maman Régine ndiye aliyekuwa kiongozi wa maasi.

"Weye Maman Faida," akaniambia, "utaenda kuangalia kitanda ya mufalme mwenye alishakufa, na sombe iko inakungojea?"

Nikaangalia mifuko yao, nikakuangalia wewe. Ulikuwa umevaa gauni lako la komunyo kwa sababu ulisema huwezi kwenda kwa mfalme na suruali. Nikasema, "Régine, ninunulie fungu mbili. Mimi naenda kwa mufalme."

Sitasahau mle ndani. Dhahabu kwenye dari, vioo ukuta mzima, wageni kutoka kila nchi wakitazama juu midomo wazi. Mimi nilitazama chini. Zile mbao! Mtu anayepiga deki anajua sakafu. Mbao kama zile zinataka magoti, zinataka nta, zinataka subira ya mwaka mzima. Nikaona watu wanapita juu yake na viatu vya barabarani, moyo ukaniuma. Nikavua viatu vyangu, nikavishika mkononi, nikaendelea kutembea na soksi. Wewe ukaniona ukavua vyako pia.

Mlinzi akaja mbio. Nikajua tumekamatwa. Kumbe anacheka. "Madame," akasema, "vaa tu. Mfalme mwenyewe hakuvua."

Na wewe, Faida, kwa sauti ile yako ya kanisani, katikati ya watu wote: "Ni kwa sababu hiyo walimkata kichwa?"

Yule mlinzi alicheka mpaka akashika ukuta, tena ukuta wa vioo, wenye kukatazwa kushikwa. Baadaye kwenye bustani ukaniuliza swali jingine ambalo mpaka leo sijalimaliza. Ukasema, "Maman, kama walimkata kichwa, mbona bado wanamfagilia nyumba?" Nilikuambia labda walimkasirikia mtu, hawakuikasirikia kazi ya mikono ya watu walioijenga. Nilisema hivyo ili tupate kula mikate yetu. Lakini nimelifikiria mara nyingi tangu siku ile, na naona halikuwa jibu baya sana. Huko Lyon utakutana na watu wanaojua zaidi. Waulize. Wakikujibu vizuri, uniambie.

Tuliporudi kwenye basi, kina maman wa sokoni walikuwa wameshajaa, na harufu ya samaki ikatufuata hadi mpaka wa Ubelgiji na kuuvuka. Régine akaninyooshea mafungu yangu mawili. "Umeona kitanda?" "Nimeona." "Iko kubwa?" "Fupi." "Ah!" akasema, akaridhika kabisa, kama kwamba siku zote alijua. Wiki ile tulikula sombe ya Paris huku wewe ukimsimulia baba yako habari za mfalme, na mimi nikaona kwamba sote wawili tulikuwa na haki, mimi na Régine. Nenda kwenye kasri, mwanangu. Ila jua soko liko wapi.

Sasa nifike kwenye lile ambalo hupendi nilisimulie mbele ya watu. Hapa hakuna watu, tuko wawili.

Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, na Clémence ametualika kwa bibi yake, Madame Odile, kule kijijini Picardie, Ufaransa, chakula cha mchana cha Jumapili. Baba yako alikuwa kazini, tukaenda mimi na wewe kwenye gari la baba yake Clémence. Mgeni haingii kwa watu mikono mitupu, kwa hiyo nilipika sufuria ya sombe, nikaipakata njia nzima. Na kwenye mkoba nilikuwa na chupa ndogo ya pilipili. Hukujua habari ya chupa.

Tukakaribishwa, tukakaa. Ikaja sahani kubwa: nyama za kusaga zilizogandishwa, soseji zilizokatwa nyembamba, bitiruti, mayai, mkate. Kwetu chakula huja mezani chote pamoja, unakiona, unajipanga. Nikaona hicho ndicho chakula. Nikajisemea, ni watu wa vitu baridi, haidhuru, adabu ni kula. Nikala. Madame Odile akaniongezea, nikala. Akaniongezea tena, nani atamkatalia bibi? Nikamaliza kwa mkate. Kisha nikasema kwa sauti, "Asante Mungu, nimeshiba," nikamshukuru mwenye nyumba, nikawashukuru na watoto wake, nikasimama, nikakusanya sahani za watu wote, wengine bado wana uma mkononi, nikaenda zangu jikoni kuosha vyombo kama mwanamke aliyelelewa.

Nikafika jikoni. Kwenye tanuri, nyuma ya kioo, paja zima la kondoo linanitazama.

Madame Odile akaja nyuma yangu, akanishika bega. "Bado, mpenzi wangu," akasema. "Bado hatujaanza."

Nikarudi kukaa. Wewe ulikuwa mwekundu, na kwa rangi yetu hilo si jambo dogo. Likaja paja na maharagwe yake. Sombe yangu nayo ikawekwa katikati ya meza, na mjomba wa Clémence akala mara mbili. Nikatoa chupa ya pilipili ili imsaidie, ukanipiga teke chini ya meza. Teke lile ninalo bado. Kisha majani ya saladi. Kisha jibini, zile zenye harufu ya miguu ya mwanajeshi, nikala kwa imani. Kila nikidhani tumefika, mtu anasimama anakwenda jikoni. Nilifungua kifungo cha kitenge kisirisiri. Kabla ya keki, yule mjomba akagonga glasi akasema kwamba kwenye meza hii kila mgeni mpya hulipa kwa wimbo au shairi.

Nilikuona. Ulifumba macho. Ulidhani nitaimba wimbo wa kwaya na makofi na vigelegele. Na kweli nilikuwa nimeshavuta pumzi! Lakini nikauona uso wako, na wimbo ukarudi chini wenyewe. Badala yake likapanda lile la paka dirishani. Nikalisema nimekaa, mikono juu ya magoti, kwa lafudhi yangu ya Bukavu, bila kuruka neno. Nilipofika ubeti wa pili nikasikia sauti nyingine inanifuata. Madame Odile. Alilisoma akiwa mdogo, shule ya kijiji. Halafu mjomba. Halafu Clémence. Halafu wewe, ambaye ulikuwa umelisahau, ukalikumbuka kutoka mdomoni kwangu. Meza nzima, wazee na watoto, tukalala na yule paka kwenye dirisha lake mpaka mwisho.

Siku ile nilielewa jambo moja kuhusu Wafaransa. Wana maneno ambayo kila mmoja alipewa akiwa mdogo, kama sisi tulivyopewa nyimbo za kutwangia. Ukiyajua maneno hayo, mlango unafunguka hata kama una kifungo kilicho wazi na sombe kwenye sufuria. Baba yako anasema, "Hadithi miaka yote hiyo? Hadithi hata bibi yake anazo, tena bure." Anasema hivyo, lakini kazini kwake amemwambia kila mtu. Mwache aseme. Mimi nimeona kwa macho yangu kile ambacho shairi moja lilifanya mezani, na ndiyo maana nilipoulizwa na familia kama nakubali usome vitabu badala ya uuguzi, nilikubali hata swali halijaisha.

Na nililelewa upya na paja lile la kondoo. Tangu siku ile, kila kitu kipya kikija najiuliza kama ni chakula au ni mwanzo tu. Kazi yangu ya kwanza hapa nilidhani ndiyo itakayokuwa yangu mpaka uzee. Rafiki wa kwanza aliyenichekea nilimpa funguo za nyumba, na ulimjua, na unajua ilivyokwisha, tulinunua kufuli jipya. Huko Lyon watu watakuletea vitu vizuri kwenye sahani, wiki ya kwanza tu: marafiki, kijana mwenye macho mazuri, chumba, mawazo makubwa. Onja. Kula na mkate ukitaka. Ila usisimame kuosha vyombo. Jikoni kuna kitu.

Sasa nije kwenye jibu lako.

Jioni ile tulipoondoka kwa Madame Odile, nilidhani atatusindikiza kama kwetu, atoke nasi, tutembee kidogo tukizungumza, afike njia panda ndipo arudi. Hakufanya hivyo. Alisimama getini kwake na kitambaa cha vyombo mkononi, hatua moja hakuongeza, nikasema moyoni, hawa watu, chakula wanajua ila kuaga hawajui. Gari likaondoka. Nikageuka. Anapunga kile kitambaa. Tukapita kanisa, anapunga. Tukapita shamba la bitiruti, amekuwa mdogo kama kuku, bado anapunga. Nikamwambia Clémence, "Bibi yako atachoka." Clémence akasema, "Anafanya hivyo kila mara, mpaka kona. Anasema asipofanya, safari haijaanza."

Njia nzima niliegemea kioo cha gari, ukadhani ni tumbo. Halikuwa tumbo peke yake.

Unajua tulivyoondoka Bukavu. Wewe mgongoni, na vita vimefika mtaani. Nilitoka kwa mlango wa nyuma, na mama yangu hakuweza hata kufika kwenye ua, kwa sababu mtu akionekana anaaga, inajulikana kwamba kuna mtu anaondoka. Hakuna aliyenisindikiza. Kwetu hata mgeni wa saa moja husindikizwa. Miaka yote hii nimelibeba hilo, si kwa machozi, unanijua, ila kama kijiwe kwenye kiatu. Nikaapa kwamba mtoto wangu siku akiondoka ataondoka kwa ngoma. Ndiyo maana Maman Régine alipokuja na mpango wake, kwaya nzima ya Laeken kwenye gare, sare za kijani, vigelegele mbele ya treni, samaki wa kukaanga wa njiani, nilikubali hata kabla hajamaliza. Baba yako naye: "Muntu haendake safari kama mwizi!"

Halafu wewe ukanishika mkono Jumapili.

Nilikasirika kidogo, sikufichi. Nikasema moyoni, ananionea haya. Siku mbili nilipiga pasi vitu ambavyo havipigwi pasi. Kisha nikiwa kule Uccle, nakausha sahani, nikashangaa nimesimama dirishani na kitambaa mkononi, nikamkumbuka Madame Odile. Nikaona kwamba kwaya ile ilikuwa yangu, Faida. Mimi ndiye niliyetaka kuimbiwa. Wewe hukutoka kwa mlango wa nyuma. Unatoka kwa mlango wa mbele, na tiketi, na jina lako kwenye chuo, na mtu anayetoka kwa mlango wa mbele anaweza kuchagua atembee na nani.

Kwa hiyo leo mchana nimempigia Maman Régine. Alinyamaza muda mrefu, nikafikiri kadi imekwisha kama zamani. Kisha akasema, "Hata kina maman wawili tu, watasimama nyuma ya nguzo?" Nikasema hapana. "Hata bila sare?" Hapana, Régine. Akapumua. "Bon. Na samaki?"

"Samaki ataenda," nikamwambia. Kuna mambo mtu hawezi kuyashinda. Yuko kwenye mfuko wa bluu, nimemfunga mara nyingi, usimfungue kwenye treni ukitaka kupata marafiki. Na ile chupa ndogo iko ndani ya kiatu chako cha kushoto. Usiitoe mezani mpaka wakuulize. Watakuuliza.

Kesho asubuhi baba yako atakubebea sanduku mpaka mlango wa chini, maana lifti imekufa tena, na hilo huwezi kumnyima. Atataka kusema maneno mengi, atasema moja. Kisha utakwenda peke yako mpaka metro ya Botanique, na kutoka hapo mpaka gare, kama ulivyotaka. Mimi sitashuka. Nitakuwa dirishani, ghorofa yetu ya tatu, na kitambaa cha vyombo, kile cha miraba myekundu.

Ukifika kona, pale kwa Mturuki wa mkate, geuka mara moja. Kama unaona haya usipunge mkono, barabara ile imejaa watu wanaotujua. Geuka tu niuone uso. Halafu kata kona. Mimi nitaendelea kupunga kidogo hata baada ya hapo, kwa ajili ya bibi yako ambaye hakupata kufika kwenye ua. Kisha nitaingia jikoni nioshe vikombe vyenu vya chai, nikijua kwamba safari imeanza.

Mimi niliyepata jina langu siku uliyozaliwa,

Maman Faida